Mali Iliyokuwa Ikitembea: Nangwa Kabla ya Lami na Hati

Basi linalotoka Babati kwenda Singida hupita Dareda, likapita Endasak, na kabla ya kufika Katesh hukatiza Nangwa. Mkono wa kulia umesimama Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, wa nne kwa urefu nchini Tanzania. Lami ilifika huku miaka ya mwanzo ya 2010, na tangu hapo abiria aliyesinzia kidogo anaweza kuipita Nangwa asijue. Wazee wa hapa hawakuipita nchi hii kwa usingizi. Waliipita kwa miguu, nyuma ya ng'ombe, na safari zao zilipimwa kwa maji, majani na chumvi.

Kabla ya mashamba ya mahindi na maharage yanayoonekana leo kando ya barabara, nchi inayouzunguka mlima ilikuwa malisho ya Wadatooga, hasa Wabarabaig. Watu wa nje wamezoea kuwaita Wamang'ati, jina walilopewa na Wamasai lenye maana ya adui, na hilo peke yake linatosha kuonyesha jinsi majirani walivyoishi zamani. Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, walikuwa juu kwenye vilima vya Irqwar Da'aw karibu na Kainam, wamebanana, kwa sababu aliyeshuka tambarare alikutana na mikuki ya Wadatooga na Wamasai. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe kwa maelfu na kuwavunja Wamasai nguvu. Baadaye Wajerumani wakajenga boma Mbulu. Waingereza walipochukua nchi, vichaka vilifyekwa kuondoa mbung'o, na Wairaqw wakaanza kushuka: wengine kaskazini kuelekea Karatu, wengine kusini kuelekea Hanang. Nangwa ya leo ni mtoto wa mshuko huo.

Ni sehemu ya pekee kwa lugha pia. Kiiraqw ni Kikushi, Kidatooga ni Kiniloti, Kinyaturu cha upande wa Singida ni Kibantu, na si mbali sana wako Wahadzabe na Wasandawe na lugha zao za vidoko. Mnadani Katesh, Kiswahili ndicho kilichowakutanisha wote mbele ya ng'ombe mmoja.

Wairaqw walishuka na ujenzi wao. Tembe ya zamani ilichimbwa kwenye mteremko hata ukuta wa nyuma ukawa ni mlima wenyewe. Nguzo za miti zilibeba paa bapa lililosakafiwa kwa udongo, majani yakaota juu yake, na mtu aliyesimama upande wa juu angeweza kutazama chini asione kuwa pale pana nyumba. Watu waliovamiwa mara kwa mara walijifunza kujificha namna hiyo. Ndani, ng'ombe, mbuzi na wenye nyumba walilala chini ya paa moja. Usiku wa nchi ya juu una baridi kali, na pumzi ya ng'ombe ilikuwa ndiyo moto usiohitaji kuni. Asubuhi samadi ilizolewa kwa mikono ikapelekwa shambani. Mfugo ulikuwa maziwa, mahari, blanketi na mbolea kwa wakati mmoja.

Mgeni aliyehesabu ng'ombe zizini hakuwa amehesabu mali ya mwenye zizi. Katika ng'ombe kumi na watano, huenda sita tu ndio wake. Waliobaki walikuwa wa shemeji, wa rafiki, wa jirani wa kabila lingine aliyewakabidhi wakatunzwe. Mtunzaji alikunywa maziwa na kupata samadi, ila ng'ombe na uzao wake walibaki wa mwenyewe. Desturi hii ilivuka mpaka wa Wairaqw na Wadatooga, hata katika miaka ambayo vijana wao walikuwa wakichomana mikuki. Sababu yake ni ya akili kabisa: ugonjwa ukipiga bonde moja, au wezi wakivamia boma moja, mali yako nyingine iko salama kwa watu wanaokujua jina. Na ukitembea siku nzima, huko unakokwenda una pa kulala.

Wanawake nao walikuwa na fungu lao. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi na Wabarabaig miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, alieleza jinsi binti alivyoingia kwenye ndoa na ng'ombe aliopewa na baba yake na ndugu zake. Mume hakuwa na ruhusa ya kuwauza au kuwagawa apendavyo. Aidha kulikuwa na baraza la wanawake, girgwageda gademga, lililoweza kukaa chini ya mti, kumhukumu mwanamume aliyemkosea mwanamke na kumtoza ng'ombe. Wanaosema mwanamke wa jamii za wafugaji hakuwahi kuwa na mali wala sauti wangefaa kuanza kusoma hapo.

Mifugo hiyo haikukaa mahali pamoja. Wabarabaig waliigawa nchi kwa aina za malisho, wakahama kutoka aina moja hadi nyingine kufuata mvua, na kuna wakati ilibidi ng'ombe wapelekwe kulamba chumvi kwenye ziwa Balangida. Malisho bora kuliko yote waliyaita muhajega, nyanda zenye rutuba za upande wa Basotu. Yaliachwa makusudi sehemu kubwa ya mwaka ili majani yapumzike. Kwa asiyejua, ardhi iliyopumzishwa hufanana na ardhi isiyo na mwenyewe.

Kosa hilo liligharimu sana. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, shirika la serikali la NAFCO lilifungua mashamba saba ya ngano kwenye nyanda hizo, jumla ya ekari zipatazo 100,000. Trekta zililima muhajega, zikalima njia za mifugo, zikalima na bung'ed, vichuguu vya makaburi ya wazee walioheshimiwa, ambavyo ukoo ulivijenga kwa miezi na kuvihiji miaka mingi. Wakati huohuo Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa ikiwahamisha watu na kugawa upya mashamba wilayani kote.

Watu walikwenda mahakamani. Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na wakazi 67 waliishtaki NAFCO mjini Arusha, wakashinda Mahakama Kuu, kisha wakashindwa rufaani mwaka 1985, miongoni mwa sababu ikiwa kwamba wakazi hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Mfugaji aliyezaliwa Hanang aliambiwa athibitishe uenyeji wake Hanang!

Ushindi ulitoka kwa Wairaqw wa Karatu. Lohay Akonaay na Joseph Lohay walidai shamba la ukoo lililopatikana kimila mwaka 1943 na kupotea wakati wa Operesheni Vijiji. Walifungua kesi mwaka 1987 wakashinda, Bunge likatunga sheria mwaka 1992 ya kufuta haki kama zao, nao wakaipinga sheria yenyewe. Desemba 1994, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikafuata, na sasa mkulima wa Nangwa anaweza kushika hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina lake na la mkewe.

Hati hiyo inafaa shamba. Haijui njia ya kwenda kwenye chumvi. Vijiji vya Hanang vinapoketi kuandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi, wazee waliowahi kuswaga ng'ombe hadi Balangida waitwe kwanza, waonyeshe zilipopita njia hizo, nazo zichorwe kwenye ramani wangali hai.