Maji ya chumvi na sukari

Maji ya chumvi na sukari ni kinywaji cha nyumbani cha kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha au kutapika. Kipimo chake ni lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visiwe na kilele. Glukosi huisaidia sodiamu kupenya ukuta wa utumbo mwembamba, na maji hufuata, hata kuharisha kukiendelea. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis alitumia mchanganyiko wa aina hii, na vifo vya kipindupindu vikapungua sana.

Wapo wanaopinga. Huko Vaughan, kaskazini mwa Toronto, ORS, yaani pakiti ya chumvi na sukari zilizopimwa tayari, inauzwa kwenye maduka ya dawa, na madaktari wa watoto wa Kanada huonya dhidi ya kujitengenezea mchanganyiko huo nyumbani. Onyo hilo ni la haki: chumvi ikizidi humdhuru mtoto, na sukari ikizidi huongeza kuharisha, ndiyo maana soda na juisi hazifai kuwa badala yake. Lakini kinachokataliwa hapo ni kukisia vipimo. Basi pakiti itangulie, na kipimo cha nyumbani kiwe akiba ya usiku wa theluji usioruhusu kufika dukani, kikinyweshwa kidogo kidogo kwa kijiko. Mgonjwa akilegea, akikosa mkojo au akiharisha damu, apelekwe hospitali mara moja. Kwa ushauri, Ontario ina simu ya 811.