Kipimo cha Ubongo na Insafu ya Kupima

Mwaka 1897, Albert Cook alipoianzisha Hospitali ya Mengo pale Namirembe, Kampala, hapakuwa na tabibu duniani aliyeweza kuutazama ubongo wa mzee aliye hai. Na hata eksirei zilipokuja, zilionyesha fuvu, wala si kilichomo ndani yake. Siri ilifichuka kwa kupasua maiti, na kwa njia hiyo Alois Alzheimer wa Ujerumani alieleza, mwaka 1906, madoa na nyuzi zilizosokotana alizoziona ubongoni mwa mwanamke aliyefariki akiwa amepotewa na kumbukumbu.

Elimu hiyo, huku kwetu, ilitanguliwa na dhulma. F. W. Vint, aliyepima bongo 100 za maiti za Waafrika mjini Nairobi, alitoa hukumu mwaka 1934 kuwa ni duni, na tabibu J. C. Carothers, katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa mishipa ya fahamu ya mbele ya ubongo. Wote wawili walimfanya Mzungu kuwa ndiyo mizani, kisha wakastaajabu kuona wengine hawalingani nayo. Katika miaka hiyo Kampala ilifungua Hospitali ya Butabika, ya wagonjwa wa akili, mwaka 1955, na Chuo cha Makerere kikapata idara ya maradhi ya akili mwaka 1966, chini ya Profesa Allen German.

Tarehe 1 Oktoba 1971, mjini London, mashine ya CT ya mhandisi Godfrey Hounsfield ilipiga picha yake ya kwanza ya ubongo wa mgonjwa aliye hai. Na baada yake zikaja mashine za sumaku. Leo tabibu hutazama hipokampasi, sehemu ndogo ya kumbukumbu, kama imesinyaa. Hutafuta mabaka meupe yaletwayo aghalabu na shinikizo la damu katika mishipa midogo. Na tangu mwaka 2004 huweza kuonyeshwa protini ya amiloidi, ile inayounda madoa aliyoyaona Alzheimer. Hizo ni dalili za hatari, si hukumu, maana wako wazee wengi wenye alama hizo ambao akili zao hazikutetereka mpaka mauti.

Walakini viwango vya kusomea alama hizo vilipatikana, kwa sehemu kubwa, kwa wazee wa Ulaya na Marekani, ilhali wazee wa Kampala wana maisha, elimu na maradhi yao. Basi Makerere na Hospitali ya Mulago na wawapime wazee wa hapa, wapate viwango vya hapa. Na hadi hapo, kila zahanati impime mzee shinikizo la damu, kwani hilo halihitaji mashine ya sumaku.