Mapenzi Kando ya Seng'enge

Msomaji, ukiteremka njia ya Mai Mahiu kuingia Bonde la Ufa, utaona kikanisa kidogo cha mawe. Kilijengwa mwaka 1942 na mateka wa Kitaliani, walioshindwa na Waingereza katika vita vya Uhabeshi, kisha wakaletwa Kenya na kutiwa kazini kuitengeneza njia hiyo. Mawe yao husifiwa sana. Wanawake wa pande zile hawatajwi.

Hebu fikiri: kijana yu mbali na kwao, na binti apita na kibuyu cha maziwa. Kati yao palikuwa na vizuizi viwili. Kijana alikuwa adui aliyefungwa, na utawala wa kikoloni uliwatenga watu kwa rangi. Basi penzi lilipozaliwa, lilizaliwa kwa siri, wala karani hakuliandika. Vita vilikwisha mwaka 1945, na baadaye mateka wengi wakarudishwa makwao. Binti alibaki, na kama alikuwa na mtoto, jamaa zake ndio waliopaswa kumpa ukoo.

Wanafunzi wangu huniuliza ushahidi u wapi. Huwatuma kwa wazee wa kwao, nami huwasihi waulize kwa adabu.