Benchi la Kilabuni

Historia ya vyuo vyetu imeandikwa na watu wa maktaba. Wameandika majengo, wakuu wa vyuo, hata migomo. Kilabu cha pombe hakimo. Mimi nasema hivi: ukitaka kumjua msomi wa zamani, usiulize alisoma nini tu. Uliza alikunywa wapi, na nani.

Tuanze na mnazi. Toka Kisarawe mpaka vijiji vya Kibaha, Wazaramo walikunywa tembo kabla chupa ya bia haijaonekana. Mgema hupanda asubuhi na jioni kwa vipandio alivyovichonga mwenyewe kwenye shina, kotama kiunoni, akakata ncha ya karara changa na kutundika kibuyu. La asubuhi ni tembo tamu. Likikaa mpaka jioni limeshakuwa kali, na kesho yake limeelekea kwenye siki. Hapo ndipo penye siri yote. Tembo halisubiri wala halisafiri mbali. Lazima linywewe leo, hapa hapa, na waliopo. Bia unaweza kuifungia chumbani ukanywa peke yako na roho mbaya yako; mnazi unakulazimisha kukaa benchi moja na mtu usiyemchagua. Kilabu kilizaliwa hapo, makuti juu, mama muuzaji pembeni na kata yake mkononi.

Mkoloni alikuja na ngazi zake. Pombe kali za Kizungu zilikuwa marufuku kwa Mwafrika kwa miaka mingi. Za kienyeji zikawekewa leseni na kodi. Kiwanda cha bia cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1933, na chupa ikawa cheo. Mkoloni akaondoka, cheo kikabaki. Mpaka leo kuna jamaa anayeshika chupa kana kwamba ni cheti.

Sasa chuo. Mwaka 1961 kilianza na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia mlimani, kilomita kama 13 toka katikati ya mji, jirani na Msewe, Changanyikeni na Makongo. Juu mashuka meupe na chakula cha bwalo. Chini mihogo na minazi. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kwenda JKT. Nyerere akawatimua karibu 400, na akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Ugomvi ulikuwa nini hasa? Kwamba msomi anajitenga na waliomsomesha. Basi mimi naona kazi ambayo serikali ilitaka ifanywe kwa gwaride na jembe, kilabu kiliweza kuifanya bila amri. Kilabuni hakuna anayejali una digrii ngapi. Ukisema ujinga, mgema anakucheka papo hapo, tena kwa Kizaramo.

Nisikipake mafuta mno, lakini. Benchi lile lilikuwa la wanaume. Mama alipika, aliuza, aliamua ugomvi, ila binti wa chuo akikaa pale alisemwa wiki nzima. Na kilabu kingine nyuma yake kilikuwa na gongo, ambayo imeua watu na kupofusha wengine.

Miaka ya 1980 bia iliadimika kama sabuni na sukari. Ndipo zikashamiri baa bubu: sebule ya mtu, pazia limeshushwa, unagonga kwa adabu. Kilabu cha mnazi hakikutikisika, maana mnazi haungoji fedha za kigeni. Mwaka 1993 kampuni ya bia ikaingia ubia na Makaburu, mzigo ukajaa mitaani, grosari zikaota kila kona. Baadaye vikaja viroba. Hivyo kwangu ndivyo vilivyolivunja benchi: pombe ya mfukoni, unatembea unanyonya, huhitaji mtu. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na siku ile sikuona wa kumlilia.

Siku hizi vyuo vimesogea upande wetu. Muhimbili ina kampasi Mloganzila, ukishapita Kibamba tu unaingia Kibaha, na hospitali yake ilizinduliwa mwaka 2017. Wanafunzi wamepanga mageto, bumu likitoka Ijumaa inajulikana. Lakini wanakwenda wapi? Maili Moja, kwenye spika kubwa kuliko kabati. Bia ipo baridi, nyama choma ipo, ila kubishana huwezi. Utamwambia mwenzako habari za Shaaban Robert, yeye atasikia "soda".

Na minazi inapungua. Ugonjwa wa kunyong'onyea umeimaliza mingi pwani yote. Mradi wa taifa wa minazi ulianza kuupiga vita mwaka 1979 na bado haujashindwa. Iliyosalia inakatwa, shamba linapimwa viwanja, anakuja mtu na matofali. Mnazi mmoja ukianguka, mgema amepoteza kibuyu kimoja asubuhi na kimoja jioni. Ikianguka kumi, kilabu kinafungwa na wazee wanahamia barazani kwao.

Kisarawe wagema bado wapo. Ukitaka tamu, nenda asubuhi. Ukienda jioni, chukua nafasi ukutani mapema, maana benchi hujaa, na aje na wewe mwandishi mwenzako anayejua kubishana bila kukasirika.