Takrima na Sanduku la Kura

Neno takrima latokana na Kiarabu, nalo ni ndugu wa ukarimu. Kwa desturi, mwenye kukirimu ni mwenye nyumba, na mwenye kukirimiwa ni mgeni aliyepiga hodi. Mwaka wa 2000 Bunge la Tanzania lililitia neno hili katika mambo ya uchaguzi, na mambo yakapinduka: mgombea, ambaye ndiye mgeni mwenye kubisha hodi kwa wapiga kura, akawa yeye mwenye kupakua chakula.

Si kwamba mali ya matajiri ilianza siku hiyo kuingia katika siasa. TANU, iliyoanzishwa mwaka wa 1954, ilitegemea ada za wanachama, nazo hazikutosha kila haja. John Rupia, mfanyabiashara aliyekuwa makamu wa rais wa chama, alikisaidia kwa fedha zake. Dossa Aziz naye alitoa gari lake litumike katika safari za chama. Watu hao walitoa wakati serikali ilipokuwa bado mikononi mwa Mwingereza, wala hapakuwa na hakika ya faida yo yote. Tena walichotoa kilikwenda chamani, hakikwenda mkononi mwa mpiga kura.

Uchaguzi wa Septemba 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, uliufunga mlango huo kwa nguvu. Mgombea hakuruhusiwa kuitisha mikutano yake mwenyewe. Chama ndicho kilichoitayarisha, na wagombea wawili wa jimbo wakapanda jukwaa moja, huyu na alama ya jembe, mwenziwe na alama ya nyumba. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa. Haifai kuusifu mno utaratibu huo, kwani majina yalichujwa na chama chenyewe, wala upinzani haukuwa na nafasi. Lakini kwa jambo hili moja la mali, mwenye nacho na asiye nacho walikaribiana kuliko ilivyopata kuwa baadaye.

Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza masharti hayo. Vyama vingi vikarudi mwaka wa 1992. Kampeni sasa zilitaka magari, vipaza sauti, fulana na kanga, na vyote hivyo vilitaka mtu wa kuvilipia.

Hapo ndipo yalipokuja marekebisho ya 2000. Yalisema kwamba jambo lililotendwa kwa nia njema, kwa njia ya ukarimu wa kawaida au wa jadi, lisihesabiwe kuwa ni kosa. Kiasi hakikutajwa. Sahani moja ya wali ni ukarimu. Je, ng'ombe kumi? Sheria ilinyamaza, na katika kimya hicho mwenye fedha nyingi alipata nafasi kubwa zaidi.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na wenzake wawili, waliipeleka Serikali mahakamani. Mwezi wa Aprili 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu walivibatilisha vifungu hivyo kuwa ni kinyume cha Katiba: vilimbagua mgombea maskini, na mpaka baina ya takrima na rushwa haukuonekana.

Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ilikwenda mbali zaidi, ikamgusa na mfadhili. Mgombea alitakiwa kueleza fedha alizo nazo na anazotarajia kupata, Waziri akapewa uwezo wa kuweka kikomo cha matumizi, na usimamizi ukawekwa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Iligusa pia uteuzi wa ndani ya vyama, nayo ilifanya vema. Maana katika jimbo ambamo chama kimoja kina nguvu, mbunge aghalabu hujulikana katika kura za maoni, kabla kampeni hazijaanza, na mfadhili mwenye hesabu hupeleka fedha zake huko mapema.