Nani Aliwalisha? Kijiwe, Kambi na Chimbuko la Yamoto Band ya Temeke

Jina lenyewe ni kitendawili. Vijana wanne wa Temeke, Aslay, Beka, Enock Bella na Maromboso, walijulikana nchi nzima kama Yamoto Band, ilhali kazi yao ilikuwa kuimba. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam aliyekulia kwenye dansi, bendi ni magitaa, tumba na tarumbeta, na waimbaji ni sehemu tu ya kikosi. Wenzao wa bongo fleva waliotangulia hawakulihitaji neno hilo: Gangwe Mobb na TMK Wanaume, wote wa Temeke, walijiita kwa majina ya genge na ya mtaa. Kwa nini basi waimbaji wanne warudi kwenye neno la wazee?

Jibu rahisi ni kwamba neno lilipendeza masikioni. Mimi naona lina historia ndani yake. Nchini Tanzania bendi ilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina, bendi nayo ilibadili: ikawa JUWATA, kisha OTTU, hadi ilipobaki Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyoanza 1978, ilivaa herufi za DDC ilipochukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, vyombo vilikuwa vya shirika, na jina la bendi lilimtaja anayelipa mishahara kabla ya kumtaja anayepiga gitaa. Kwa maana hiyo Yamoto ilikuwa bendi hasa, hata kama mwimbaji wake hakushika chombo.

Nasema hivi nikipingana na simulizi tuliyoizoea, kwamba makundi ya vijana huzaliwa kijiweni. Ni simulizi tamu, na ina wenzake ng'ambo. Muziki wa doo-wop wa Marekani husimuliwa hivyo hivyo: vijana chini ya taa ya barabarani, au kwenye ngazi za majengo ya ghorofa, wakitumia sauti zao badala ya vyombo wasivyoweza kununua. Mfano wake maarufu ni Frankie Lymon na The Teenagers, wanafunzi wa mtaa wa Washington Heights jijini New York, ambao wimbo wao wa kwanza ulivuma mwaka 1956 Lymon akiwa na miaka 13. Hapo kona ya mtaa ilitosha. Mmoja aliongoza, wa sauti nzito alishika besi, waliobaki waliziba mapengo kwa silabi zisizo na maana. Jioni walirudi nyumbani kula.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo wasimulizi huiruka. Tukiihamishia Temeke, kijiwe chetu hakifanani na kona ile. Kijiwe ni mahali pa soga, ndiyo, lakini vilevile ni mahali pa kungojea riziki: hapo husubiriwa abiria wa bodaboda, kibarua cha kushusha mizigo, au fundi anayetafuta msaidizi. Kazi ikitokea, watu hutawanyika. Tena kijiwe kiliwahi kutiliwa shaka na dola. Chini ya sheria ya nguvu kazi ya mwaka 1983, kijana aliyesimama mtaani bila kazi ya kueleweka aliweza kukamatwa kama mzururaji na kupelekwa shamba. Mahali pa namna hiyo panaweza kuzaa rap, kwa sababu mashairi ya rap hutungwa kichwani mtu akiwa peke yake, hata akiwa ndani ya daladala, kisha huletwa kijiweni kupimwa. Sauti nne kupokezana na kukutana kwenye kiitikio bila kugongana hudai jambo jingine: watu walewale, saa zilezile, siku baada ya siku.

Huo muda una bei. Katika wilaya iliyohesabiwa na sensa ya 2012 kuwa na watu 1,368,881, koo tamu hazikuwa bidhaa adimu. Zilijaa kwenye kasida za madrasa, zilijaa kwenye kwaya za makanisa, zilijaa kwenye mchiriku na vigodoro. Kilichokuwa adimu ni mwezi mzima wa kutofanya kazi nyingine. Mwezi huo ulilipiwa na Said Fella, meneja aliyekwisha kupata uzoefu na TMK Wanaume Family, kupitia kituo chake cha vijana kilichoitwa Mkubwa na Wanawe. Tulisome jina hili taratibu. Mkubwa ni cheo cha heshima ya mtaani, lakini wanawe ni lugha ya ukoo, si ya mkataba. Mwana hulishwa, hufundishwa, hukaripiwa. Hadai mshahara kwa baba yake. Fella alipochaguliwa mwaka 2015 kuwa diwani wa Kilungule, huko Mbagala, sikuona amehama fani. Mlezi wa vijana na kiongozi wa kata huitwa na watu wale wale, mara nyingi kwa shida zile zile.

Hata mpangilio wa kundi unaonyesha mkono wa mlezi. Halikuwa kundi la marafiki wanne waliojigundua. Aslay alikwisha kusikika akiwa mtoto, kwa wimbo wa Naenda Kusema wa mwaka 2011, chini ya kituo hicho hicho; Maromboso alikuwa mtu wa Kibiti, mkoa wa Pwani. Waliwekwa pamoja. Na katika nyimbo zao hakuna anayekaa nyuma kushika besi maisha yake yote. Kila mmoja hupewa ubeti wake, aingie na rangi ya sauti yake, ajipambe, ampokeze mwenzake, kisha wote wakutane kwenye kiitikio. Masikio yangu husikia hapo mwimbaji wa kasida na wa taarabu zaidi ya mwimbaji wa kwaya ya sauti nne. Lakini husikia pia mafunzo: waimbaji wanne wa mbele ndani ya kundi moja ni darasa la watakaohitimu, na kuvunjika kwa Yamoto mwaka 2017, kila mmoja akashika njia yake, kulikuwa ndani ya mpango wa sauti tangu mwanzo.

Msomaji anaweza kuniuliza kama chanzo kina uzito wowote baada ya watu kutawanyika. Kina uzito mahakamani, kwa kuanzia. Wenzake Lymon wawili, Herman Santiago na Jimmy Merchant, walishinda mwaka 1992 katika kesi ya kutambuliwa kuwa watunzi wa ule wimbo wa 1956, kisha rufaa ya 1996 ikawanyang'anya ushindi kwa kuwa walichelewa kudai. Lymon mwenyewe alikwisha kufa tangu 1968, akiwa na miaka 25. Kwetu sheria ya hakimiliki ya 1999 iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, humtambua mtunzi. Haina kifungu cha aliyepika ugali wa mazoezi, wala cha kijana aliyetoa beti sebuleni kwa mlezi wake bila karatasi. Lugha ya ukoo hufanya swali hilo lionekane utovu wa adabu.

Mwanzoni mwa 2018 Maromboso alijiunga na lebo ya WCB Wasafi. Huko alianza kuitwa Mbosso, kama NUTA ilivyoitwa JUWATA.