Nyama ya pori na nyama ya nyumbani katika Bushi

Wazee wetu wanasemaka: "Nyama ya pori inaletaka nguvu kupita ya nyumbani." Sisi walimu, tukifundisha juu ya vyakula, wanafunzi wanatuuliza kama neno hilo ni la kweli.

Tupime kwanza. Gramu 100 za nyama mbichi isiyo na mafuta, iwe ya ng'ombe ao ya swala, zina protini karibu gramu 20 hadi 22. Tofauti iko katika mafuta: mnyama wa pori anatembea sana, nyama yake ni kavu. Kwa protini wako sawa.

Lakini historia inauliza: nani alikula? Kwetu Bushi ng'ombe hakuwa chakula cha kila siku. Alikuwa mahari, alikuwa bugabire, yale mapatano ya kumkabizi mtu ng'ombe na kufunga urafiki. Watu walipata maziwa na samadi. Kuchinja kulingoja siku kubwa. Batwa, wao, waliwinda katika msitu wa Kahuzi.

Mwaka 1970 Parki ya Kahuzi-Biega iliundwa, ikapanuliwa mwaka 1975, na Batwa wakafukuzwa bila kupewa mashamba. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyosema kwamba haki zao zilivunjwa. Tena, tangu vita vya 1996, ng'ombe wengi waliporwa, na tembo wa sehemu ya juu ya parki karibu wote wakauawa. Pori na zizi vilipunguka pamoja.

Mutoto ndiye aliyelipa. Bwaki, ule ugonjwa wa miguu kuvimba na nywele kugeuka nyekundu, umechunguzwa miaka mingi kule Lwiro. Gramu 100 za muhogo mbichi zina protini karibu gramu moja tu.

Hatuwezi kurudia pori, maana wanyama waliobaki hawatoshi. Lakini tuko na dende. Anakula majani, anafugwa hata jikoni, na wakati wa kukimbia mama anaweza kumbeba. Shida ni kwamba tunauza dende wote kwa kulipa minerval ya sekondari. Sisi walimu tunaishi kwa minerval hiyo, kwa hiyo tunasema kwa haya: mzazi, mbili uza, moja pikia watoto, pamoja na maharagwe. Mutoto mwenye bwaki hasomi, hata akiwa amelipiwa.